Sheria na Maisha: Mali Bila Daftari

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida tunapoutaja usemi huo tunawakumbusha wenye maduka waandike mauzo na madeni yao. Jumapili hii safu yako inakuomba uutazame kwa upande wa sheria, kwa maana ziko biashara ndogo nyingi mjini ambazo hazikuuawa na uhaba wa wateja wala na wezi, bali ziliuawa na karatasi moja ambayo haikuandikwa siku ilipopasa kuandikwa.

Nianze na kisa cha jirani yangu mmoja, mama mwenye mgahawa wa chai na chapati karibu na kituo cha basi. Miaka minne kabla ya kisa hiki alimleta kijana kutoka kijijini kwao, mtoto wa binamu yake, ili amsaidie kazi. Kijana alimwita shangazi. Alilala nyumbani kwa shangazi, alikula kwa shangazi, na mwisho wa mwezi alipewa kiasi kilichopatikana. Saa 11 alfajiri alikuwa amekwisha washa mkaa. Saa 3 usiku ndiye aliyefunga mlango. Siku ya mapumziko haikuwapo.

Jioni moja fedha za mauzo zilipungua. Mama alikasirika, akamwita kijana mwizi mbele ya wateja, na usiku ule ule mfuko wa nguo zake ukawekwa nje. Hazikupita wiki tatu, mama akaletewa hati ya wito kutoka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Alikuja kwangu hati ikiwa imefungwa katika pindo la khanga, machozi yakimlengalenga. "Mtoto niliyemlea mwenyewe," alisema, "leo ananishtaki!"

Nilimsindikiza siku ya wito nikaketi kwenye benchi la nje, kwa kuwa usuluhishi ni shauri la faragha. Alipotoka alinieleza kwamba msuluhishi alimwuliza mambo matatu tu. Mkataba wa kazi uko wapi? Daftari la mahudhurio na malipo liko wapi? Na kabla ya kumwachisha kazi, ulimweleza kosa lake na kumpa nafasi ya kujitetea? Kwa maswali yote matatu mama alikuwa na jibu moja: "Huyu alikuwa mtoto wa nyumbani."

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Hapana shaka undugu ni jambo jema, lakini undugu haufuti ajira. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inamchukulia mtu kuwa ni mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo kwa mfano saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, au anategemea kwa riziki yake yule anayemfanyia kazi. Sheria haiulizi kama anakuita shangazi au bosi.

Akishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamlinda. Saa za kawaida za kazi hazipaswi kuzidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki; zinazozidi ni saa za ziada, nazo hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kwa mwaka anastahili likizo ya siku 28 yenye malipo. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28 kabla ya kuachishwa. Aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi hulipwa kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, isipokuwa kama ameachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Aidha, mwajiri hupaswa kumwandikisha katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambako mchango ni asilimia 20 ya ujira, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake.

Jambo ambalo kila mwenye biashara ndogo angelipaswa kulijua kwa moyo limo katika kifungu cha 15 cha sheria hiyo. Mwajiri anatakiwa ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi ya kazi yake: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuyatoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha makubaliano unamwangukia yeye mwajiri. Maana yake ni kwamba kijana akisema alikubaliwa ujira fulani, na mama akasema siyo, ni juu ya mama kuthibitisha. Naye atathibitisha kwa nini, kama hana hata kipande cha karatasi?

Yawezekana kabisa kwamba fedha za jioni ile ziliibwa. Yawezekana pia kwamba mama mwenyewe alikosea hesabu ya chenji. Hatutajua kamwe, kwa sababu hakuna aliyeketi kuuliza. Lau mama angalimwita kijana, akamwandikia tuhuma, akampa angalau saa 48 za kujiandaa, kisha akamsikiliza akiwa na mwenzake wa kumsaidia, basi hata kama angaliishia kumwachisha, angalikuwa amesimama mahali imara.

Shauri lile lilimalizika kwa suluhu. Mama alikubali kulipa kwa mafungu, miezi kadhaa mfululizo, fedha ambazo alikuwa amezitenga kwa ajili ya kuezeka upya paa la mgahawa. Lakini kijana alikuwa na sharti moja ambalo halikuhusu fedha: neno "mwizi" liondolewe mahali pale pale lilipotamkwa. Jumamosi iliyofuata, wateja wakiwa na vikombe mkononi, mama aliliondoa. Aliniambia baadaye kwamba kulipa kulimwuma, lakini kusimama mbele ya wateja kulimfundisha.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba ni mwajiri na mwajiriwa tu wanaohitaji kuandikiana. Tutazame ushirika. Marafiki wawili wanachanga fedha, wananunua cherehani nne, wanafungua duka la ushonaji. Mmoja ametoa mtaji mkubwa; mwingine ametoa mtaji mdogo lakini yeye ndiye fundi. Hawakuandikiana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayakubali makubaliano ya mdomo, kwa hiyo ushirika wao ni halali. Tatizo ni kwamba pasipo makubaliano kuhusu mgawo, sheria huwahesabia sawa kwa sawa, faida na hasara. Tena, madeni ya ushirika ni madeni ya washirika wenyewe. Mmoja akikopa vitambaa kwa jina la duka, mwenye kuvileta anaweza kubisha hodi hata kwa yule ambaye hakuwapo.

Wengine hujifariji wakisema, "Sisi tumesajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, basi tuko salama." Kusajili ni wajibu na ni vyema, lakini jina la biashara halimtenganishi mtu na biashara yake. Duka likidaiwa, unadaiwa wewe. Ni kampuni iliyoandikishwa ndiyo inayohesabiwa kuwa ni mtu mwingine mbele ya sheria, nayo ina masharti na gharama zake. Hali kadhalika, cheti cha jina si leseni ya biashara. Leseni ni hati nyingine, na mfanya biashara mdogo kwa kawaida huipata katika halmashauri yake.

Na wale tunaowakopesha? Mteja anayechukua unga na sukari kwa ahadi ya mwisho wa mwezi anakuwa ameingia katika mkataba. Deni la mkataba linaweza kudaiwa mahakamani katika muda wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Miaka 6 ni mingi, lakini kumbukumbu ya mtu ni fupi. Daftari lenye tarehe, kiasi na sahihi ya mkopaji lina nguvu kuliko mashahidi watatu wanaopingana.

Sasa tuingie nyumbani, maana ukurasa huu ni wa familia. Mara nyingi mtaji wa biashara ndogo hutokana na mkopo, na rehani ya mkopo huwa ni nyumba wanamolala watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka idhini hiyo ionekane katika hati za rehani. Kwa hiyo, bwana mwenye gereji, usimfiche mkeo kwamba nyumba imekwenda benki. Nawe mama, usitie sahihi karatasi kwa sababu tu umeambiwa "weka hapa". Iombe, isome, na kama huielewi mpelekee anayeielewa. Sahihi yako ndiyo idhini yenyewe; ukishaitoa, kusema baadaye kwamba hukusoma hakutakusaidia sana.

Fedha zinazopita kati ya mume na mke kwa ajili ya biashara nazo zina uzito wake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu mashuhuri, kwamba kazi za nyumbani anazozifanya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanawake wengi wanaikumbuka sehemu hiyo, nayo yastahili kukumbukwa. Wachache wanakumbuka kwamba mama aliyefungua kesi ile hakupata mgawo zaidi. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa familia, naye hakuzitumia kwa mradi huo. Fedha hizo zikahesabiwa kuwa ndizo fungu lake. Basi hata ndani ya nyumba, mtaji ni mtaji. Mwandike ni kiasi gani, ni wa nani, na umetumika wapi.

Nasikia tayari msomaji mmoja akilalamika kwamba kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naona kinyume chake. Watu wasioaminiana hawaanzi biashara pamoja. Tunaandika kwa sababu tunaaminiana leo, na tunataka kesho, hasira ikiingia, tuwe na kitu cha kutukumbusha tulivyokuwa.

Wala si kazi ngumu. Mkataba wa mfanyakazi mmoja huweza kukaa katika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, ukatiwa sahihi na pande zote mbili, kila mmoja akabaki na nakala yake. Kila malipo yaandikwe katika daftari na mpokeaji atie sahihi. Kodi ya pango idaiwe risiti kila mara. Kumbukumbu za mfanyakazi zitunzwe kwa miaka 5 baada ya kuondoka kwake, kama sheria inavyotaka. Aliyeachishwa kazi naye akumbuke kwamba ana siku 30 za kulalamikia kuachishwa isivyo haki mbele ya Tume, na siku 60 kwa madai mengine ya kazi. Asiyeweza kumlipa wakili aulize kuhusu msaada wa kisheria. Sheria ya msaada huo ilitungwa mwaka 2017, nayo inawatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao wengi wao wanaishi mitaani mwetu.

Tufahamu pia kuwa haya yote yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na za ardhi, na msomaji wa huko aulize huko.

Jirani yangu bado anapika chai. Amemwajiri binti mmoja, naye pia ni wa ukoo wake. Juu ya kabati la vikombe kuna daftari la jalada jekundu, na ndani yake, ukurasa wa kwanza, umebandikwa mkataba wenye sahihi mbili. Paa la mgahawa halijaezekwa bado. Binti anamwita shangazi, na Jumatatu hapangiwi kazi.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wiki njema.