MAMBO YA NYUMBANI: Nguo za Noeli na Deni la Januari

Mwezi huu nataka tutazame jambo lisumbualo nyumba nyingi zenye mapato madogo, nalo ni gharama za mwisho wa mwaka: nguo za sikukuu, safari ya kwenda nyumbani kwa wazee, na chakula cha siku yenyewe.

Kila mtu ajua ya kuwa Noeli ni tarehe 25 Desemba. Mvua yaweza kuchelewa, na ugonjwa waweza kubisha hodi usiku bila kutazamiwa, lakini sikukuu hutangaza siku yake mwaka mzima mbele. Walakini ikifika, wengi hushtuka kama watu walioamshwa na moto. Baba hukopa, mama huuza kuku watagao, na watoto huvikwa nguo ambazo hazijalipiwa. Kisha Januari huingia, nayo haina huruma. Katika Tanzania na Kenya shule huanza mwaka wake mwezi huo, na mtoto aliyeng'aa siku ya sikukuu hukaa nyumbani kwa kukosa viatu vya shule.

Basi neno langu la leo ni hili: hesabu kwanza ya Januari, ndipo uhesabu ya Desemba.

Labda mtu atasema, "Siku hizi shule ni bure." Ni kweli kwamba katika Tanzania, tangu mwaka 2016, shule za Serikali hazitozi ada toka elimu ya msingi mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ada za kidato cha tano na cha sita ziliondolewa pia. Lakini shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu havitolewi bure, wala soksi, wala sweta ya nchi ya baridi, wala madaftari, wala mfuko wa kuyachukulia. Hayo ni mzigo wa mzazi, na mzigo huo hurudi kila mwaka katika mwezi ule ule.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme nyumba ina watoto watatu. Mahitaji ya shule ya Januari ni shilingi 40,000 kwa kila mtoto, yaani 120,000. Nguo za sikukuu ni 90,000, nauli ya safari 90,000, na chakula cha sikukuu 60,000. Jumla ni shilingi 360,000. Mtu akiitazama jumla hiyo mwezi wa Desemba, moyo wake huvunjika. Lakini akianza kuweka tangu Januari iliyotangulia, atahitaji 30,000 kila mwezi, nazo ni kama 1,000 kila siku. Akingoja mpaka Julai, atahitaji 60,000 kila mwezi. Akingoja mpaka Novemba, atahitaji 180,000 kwa mwezi, na hizo hatazipata, atakwenda kukopa. Gharama haikuongezeka, siku ndizo zilizopungua. Ndiyo maana wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Tena wako wasiopokea mshahara wa kila mwezi, kama wakulima wa kahawa au wa pamba. Kwao siku ya kutenga fedha ni ile ile ya kulipwa, kabla ya kupita dukani. Fedha ya Januari ifungwe peke yake, na yo yote asiifungue kwa sababu ya harusi ya jirani wala kwa sababu ya redio mpya.

Juu ya mkopo nasema hivi. Tuseme umekopa 100,000 kwa ajili ya sikukuu, na mkopeshaji ataka shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi. Ukichelewa miezi mitatu, utatoa 30,000 zaidi. Nguo uliyodhani ni ya 100,000 imekuwa ya 130,000, tena kwa wakati huo imekwisha kupauka. Siku hizi mkopo huingia katika simu kabla chai haijapoa, na kwa kuwa hakuna aonaye uso wako, haya ya kukopa imepungua. Lakini deni lililopatikana upesi halilipiki upesi.

Haya, tuje katika nguo zenyewe. Sisemi mtoto asipewe nguo mpya. Furaha ya mtoto ni sehemu ya sikukuu. Nasema nguo moja ifanye kazi mbili. Viatu vya Noeli na viwe vyeusi, vya ngozi imara, vya kufunga kamba. Navyo ndivyo atakavyovaa shuleni Januari. Shati la sikukuu na liwe jeupe la shule. Gauni la msichana lishonwe na fundi kwa pindo pana, inchi tatu au nne, ili mwaka ujao literemshwe na lizidi kumfaa. Likimshinda kabisa, mdogo wake atalipokea, wala si aibu.

Mama akitaka kanga, akumbuke ya kuwa huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Kanga njema huvaliwa, hufunika, hubeba mtoto, na ikichakaa hukatwa ikawa nepi na vitambaa vya jikoni. Kwa hiyo ni bora kununua doti moja isiyochuja rangi kuliko mbili zitakazotoa rangi yote katika maji ya kwanza.

Wengi wetu hununua mitumba, na kuna masoko yanayojulikana sana kwa biashara hiyo, kama Karume katika Dar es Salaam, Memorial katika Moshi, na Gikomba katika Nairobi. Ni msaada mkubwa kwa mwenye fedha kidogo, lakini ataka macho. Inua nguo juu uitazame kwenye mwanga. Angalia kwapani, kwenye kola, na penye mshono wa kati wa suruali, maana hapo ndipo nguo huanza kufa. Fungua zipu na kuifunga mara mbili. Kifungo kilichopotea si neno, utashona kingine. Kitambaa kilicholika hakina dawa. Tena nenda mwezi wa Agosti au Septemba, usingoje juma la sikukuu, wakati wauzaji wanapojua ya kuwa huna nafasi ya kukataa.

Juu ya safari, watu wa Kilimanjaro wajulikana kwa desturi yao njema ya kurudi nyumbani mwezi wa Desemba, na watu wa mahali pengine hufanya vivyo hivyo. Kuwaona wazee si kupoteza fedha. Lakini tiketi inunuliwe mapema, kwa bei halali. Katika Tanzania kikomo cha nauli za mabasi hupangwa na mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA; kwa hiyo mtu akitaka zaidi ya kikomo hicho, una haki ya kukataa na kumshitaki. Na mwaka ambao fedha haitoshi, aende baba au mama pamoja na mtoto mmoja, wengine wabaki. Mzee mwenye busara hupenda kuletewa kilo mbili za sukari na mjukuu mmoja, kuliko kuletewa familia nzima itakayomwomba nauli ya kurudia.

Liko jambo jingine. Wengi wetu tumo katika vikundi vya kuweka na kukopeshana. Namna moja ya vikundi hivi ilianza katika nchi ya Niger mwaka 1991, wanawake wa vijijini waliposaidiwa na shirika la CARE kuweka akiba yao wenyewe katika sanduku moja. Tangu hapo imeenea katika nchi nyingi za Afrika, hata kwetu. Vikundi vingi hugawana fedha mwisho wa mwaka. Ni jambo jema, lakini siku ya mgawanyo ni siku ya hatari, maana fedha ya miezi kumi na miwili yaweza kuisha kwa siku tatu. Kabla ya kwenda kupokea, andika bahasha mbili: moja "Shule", ya pili "Sikukuu". Ijaze ya shule kwanza, ukiwa ungali pale pale mkutanoni.

Mambo haya yote hayawezekani kama mume na mke hawasemezani habari za fedha. Baba afichaye mshahara na mama afichaye faida ya maandazi ni kama watu wawili wanaochota maji ya mtungi mmoja gizani. Kila mmoja hudhani umejaa. Mume na aseme, "Mama, nimepata kiasi hiki." Mke naye aseme, "Baba watoto, mimi ninacho hiki." Hapo ndipo mashauri huanza.

Mwisho, tuseme kweli. Fedha nyingi za Desemba hatuzitoi kwa ajili ya baridi wala uchi. Twazitoa kwa kuogopa macho ya jirani. Walimu wenzangu, hapo tuna wajibu. Tusisifu nguo mpya ya mtoto mmoja mbele ya wenzake, wala tusimweke mbele katika nyimbo kwa ajili ya gauni lake. Mtoto aliyevaa shati la mwaka jana, limefuliwa na kupigwa pasi, asione haya kanisani. Na mzazi wake, ambaye Januari atampeleka shuleni siku ya kwanza pamoja na madaftari yake yote, ameisherehekea Noeli vizuri kuliko wengi.

Basi usiku huu, baada ya chakula, twaeni daftari na kalamu, mkae wawili, mkaandike ya Januari kwanza.