Mwana wa Liongo Asiseme "Nilitumwa"

Mhariri alinipa ukurasa mmoja akaniambia niandike juu ya mchezo wetu wa muhula uliopita. Nadhani alitarajia sifa tupu. Sifa ninazo, maana Liongo wetu aliimba na kucheza gungu mpaka mpishi akaacha sufuria ya githeri akaja kuchungulia dirishani. Lakini nina ubishi pia, na nimekaa nao moyoni tangu siku ile.

Kwa wale wa Kidato cha Kwanza ambao hawakuwepo, kisa chenyewe ni cha shujaa wa pwani, Fumo Liongo. Mfalme wa Pate alimwogopa akamfunga. Mamake akamletea mkate wenye tupa ndani, naye akakata minyororo huku watu wakipiga ngoma nje, kelele zikifunika sauti ya tupa. Silaha zote zilimshindwa isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo alimwambia mwanawe mwenyewe. Mwana alikuwa ameahidiwa mke. Akamdunga babake usingizini. Liongo akaamka, akachukua upinde, akaenda kupiga goti kisimani na kufa vivyo hivyo. Watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila maji kwa kuogopa maiti! Waliosoma Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia wataona mara moja Mwelusi na nduguye Gege walikotoka.

Sasa, sisi tuliongeza onyesho la mwisho. Mwana anapiga magoti mbele ya nyanyake, analia, "Nilitumwa na mfalme! Nilikuwa mdogo!" Nyanya anamkumbatia. Pazia. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na walimu pia. Mimi sikupiga.

Katika hadithi ya zamani mambo hayaishi hivyo. Edward Steere aliyeichapisha mwaka 1870 ameandika kwamba yule mwana alikamatwa akauawa, na mke hakupewa. Sisemi tumuue jukwaani. Nasema tu kwamba tumemtoa kirahisi mno.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu alitusomea Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tanzia ya Mgiriki Sophocles. Wagiriki wa Athens walikuwa wakiigiza tanzia zao nje, mlimani, katika sikukuu ya mungu wao Dionysus, kwa mashindano kama yetu ya drama. Nilifikiri nitasinzia. Lakini wapi! Oedipus ni mfalme wa Thebes, mji umeingiliwa na tauni, na waaguzi wanasema muuaji wa mfalme wa zamani yumo humo ndani, afukuzwe. Oedipus anamlaani muuaji huyo hadharani na kuapa kumtafuta. Tiresias, mzee kipofu, anamwambia, ni wewe. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo tulivyofundishwa, na hapa mwenye macho ndiye asiyeona. Anachimba tu, mke wake anamsihi aache, hasikii, mpaka anajikuta mwenyewe mwisho wa shimo. Yule mzee aliyemuua kwenye njia panda alikuwa babake, na huyo mke ni mamake.

Tulibishana darasani hadi kengele ikalia. Wengi walisema Oedipus hana kosa, kwa kuwa miungu ilipanga kabla hajazaliwa na yeye hakujua. Na ni kweli hakujua. Ndiyo maana alinishangaza. Mtu mwenye visingizio vyote duniani havitumii. Anajitoboa macho kwa bizimu za nguo za mkewe, na anapoulizwa, anasema Apollo ndiye aliyemletea mateso, lakini mkono uliopiga ulikuwa wake. Kisha anaomba afukuzwe mjini kama alivyoapa yeye mwenyewe. Mwana wa Liongo alijua kila kitu. Alijua ni babake, alijua sindano ni ya nini, tena bei alikuwa ameshapatana. Halafu tumwache aseme alitumwa?

Kuna mtu mwingine katika tanzia ile ambaye hamkumtaja katika ule ubishi. Ni mchungaji. Alipewa mtoto mchanga akaambiwa amuue. Naye alitumwa, tena na ikulu. Akamhurumia, akampa mchungaji mwenzake wa Korintho amlee. Najua mtaniambia kwamba huruma hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote, na hapo sina jibu zuri. Lakini angalau tunaona kwamba anayetumwa anaweza kukataa.

Labda mtashangaa kwa nini nimekazania jambo la mchezo. Sisi wa Yamumbi tunajua yaliyotokea hapa mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi, kabla mimi sijazaliwa. Nyumba ya nyanya yangu ilichomwa. Waliochoma walikuja kutoka mbali na hawakuijua njia yetu. Kuna mtu aliyewaonyesha mlango. Nyanya alikuwa kwenye mahindi nyuma ya nyumba akamwona na akasikia sauti yake. Simtaji hapa na wala sitamtaja. Ni jirani, napita kwake kila asubuhi nikija shule, na ananiuliza habari ya masomo.

Siku moja, nikiwa darasa la saba, nilimsikia akimwambia mjomba kwamba wakati ule vijana walitumwa na wakubwa, wakubwa wakapatana, wakala pamoja, basi yaishe. Pengine kuhusu wakubwa ni kweli. Bokono yupo kila mahali. Lakini alisema "vijana", hakusema "mimi".

Kwa hiyo naomba chama, kabla hatujaupeleka mchezo huu kwenye mashindano mwakani, kiliandike upya onyesho lile. Mwana apige magoti, sawa. Nyanya amkumbatie au asimkumbatie, hilo waamue waigizaji. Lakini kwanza aseme alichofanya, kwa maneno ya wazi, huku sindano iko mkononi mwake na watu wote wa Pate wanaitazama. Ebrahim Hussein hakuogopa kumwacha Kinjeketile abebe neno lake mpaka mwisho wa mchezo, na tamthilia hiyo inasomwa tangu 1969. Mkitaka mtu wa kuigiza nafasi ya Mwana, mimi nitajitolea, ingawa najua sauti yangu inakwaruza.

Nilimsomea nyanya makala haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Alisikiliza akiwa anachambua maharagwe. Akaniuliza kama yule mfalme kipofu alipata mtu wa kumshika mkono. Nikamwambia ndiyo, binti yake. Akasema, "Haya," akaendelea na maharagwe.

Kiangazi hiki kisima cha jirani yule kimekauka. Huja kwetu jioni na mitungi miwili ya lita 20. Nyanya humfungulia lango mwenyewe, halafu husimama kando ya kisima mpaka amalize kuteka.