Filamu ya Wafanya Kazi: Nani Atatoa Fedha?



Habari imezunguka matawini kwamba wako vijana wanaotaka kutengeneza filamu juu ya mgomo wa Mombasa wa mwaka 1947, nao wanatafuta watu wa kutoa fedha. Wanachama wengine wametuuliza kama chama kitasaidia. Wengine wamesema heri fedha zetu zikae benki, maana filamu ni mchezo wa watu walioshiba. Twaona yafaa jambo hili lizungumzwe waziwazi kabla bahasha haijaanza kupitishwa mkononi.

Hadithi yenyewe ni yetu, wala hapana ubishi hapo. Tarehe 13 Januari 1947 watu wa bandarini, watu wa reli, wa mahoteli na watumishi wa majumbani waliweka chini kazi kwa siku moja, watu wapatao 15,000, na mji ukasimama karibu majuma mawili. Katika mgomo ule kikazaliwa chama cha African Workers' Federation. Kiongozi wake Chege Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akazuiliwa Baringo miaka kumi. Makhan Singh naye, aliyekamatwa Nairobi Mei 1950, hakuachiliwa mpaka 1961. Sasa waulizeni watoto wenu. Yule mama wa Denmark aliyelima kahawa Ngong wanamjua, maana Wamarekani walikuja hapa hapa kwetu wakamtengenezea filamu iliyotoka mwaka 1985. Kibachia wanadhani ni jina la barabara.

Basi swali ni fedha. Mwenye kutafuta fedha za filamu anajua milango michache tu. Akienda benki ataulizwa hati ya shamba, na filamu isiyokuwapo bado si shamba. Akienda kwa tajiri mmoja, tajiri huyo huenda akakubali, lakini siku ya pili ataleta mpwa wake awe ndiye mchezaji mkuu, na siku ya tatu atauliza kwa nini matajiri katika hadithi hii ni wabaya wote. Akienda kwa mashirika ya misaada atapewa, ila filamu itatakiwa ifundishe jambo fulani ambalo shirika limeandikiwa kulifundisha mwaka huo. Na akienda kwa makampuni na mifuko ya Ulaya, huenda akafanikiwa. Hatuzidharau fedha hizo. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilitengenezwa kwa msaada wa Wajerumani, ikaongozwa na Mkenya, ikachezwa na vijana wetu, na watu wa Nairobi wakajiona ndani yake. Lakini mwenye mfuko ndiye achaguaye katika maombi mia, naye huchagua kwa macho yake. Mgomo wa makuli wa mwaka 1947 hauna tembo wala jua la kutua.

Ukiacha milango hiyo uko mlango mwingine, nao ulifunguliwa na watu maskini kuliko sisi. Twataka ndugu wausikie vizuri.

Katika jimbo la Gujarat, India, wakulima wenye ng'ombe au nyati mmoja, wawili, walikuwa wameunda vyama vya ushirika vya maziwa tangu mwaka 1946, ili wajiokoe na wachuuzi waliowapunja. Katikati ya miaka ya sabini mwongozaji wa filamu aitwaye Shyam Benegal alitaka kutengeneza picha juu ya jambo hilo. Hakuna tajiri wa Bombay aliyekuwa na hamu ya filamu ya maziwa. Ndipo mkuu wa ushirika, Bwana Verghese Kurien, akaleta shauri: wanachama ni 500,000, kila mmoja akikubali kupokea rupia 2 pungufu katika malipo ya maziwa ya asubuhi moja tu, itapatikana rupia 1,000,000. Wakaulizwa, wakakubali. Filamu ikaitwa Manthan, maana yake kusukasuka, ikatoka mwaka 1976, na mwanzoni mwake imeandikwa kwamba inaletwa na wakulima 500,000 wa Gujarat.

Hesabu hiyo inapendeza, lakini yaliyofuata yanapendeza zaidi. Filamu ilipofika mijini wakulima walikodi malori wakaja makundi kwa makundi kuitazama, kila mtu akisema anakwenda kuona picha yake. Majumba ya sinema yakajaa. Mtu aliyetoa rupia 2 alikuwa mwenye mali asubuhi na mnunuzi wa tikiti jioni, na pengine alimleta mkewe na jirani yake. Hapo ndipo maneno yetu yote ya leo yalipo. Wenye kutafuta fedha za filamu hudhani wanahitaji watu wachache wenye mifuko mizito. Kwa filamu ya namna hii ni afadhali watu wengi wenye mifuko miepesi, maana watu wachache hawajazi ukumbi.

Na jambo jingine: wakulima hawakudai kusifiwa. Filamu ile inaonyesha ugomvi wa matabaka ndani ya kijiji, inaonyesha mkubwa wa kijiji akikasirika kwa kuwa wanyonge wamepata kura, na yule daktari wa mifugo aliyekuja kuanzisha ushirika anaondoka kabla kazi haijatengenea. Ilipata tuzo la taifa nyumbani kwao, na mwaka 2024 ilisafishwa upya ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Chama kitakachotoa fedha ili viongozi wake wapigwe picha wakikata utepe kitapata filamu ambayo hata wake za viongozi hawataitazama.

Sasa twaja kwenye uchungu, maana si kila filamu ya wafanya kazi iliishia kwenye malori ya furaha. Huko New Mexico, Marekani, wachimba madini, wengi wao wenye asili ya Meksiko, waligoma kutoka Oktoba 1950 mpaka Januari 1952 dhidi ya kampuni ya Empire Zinc. Mahakama ilipowakataza wanaume kusimama langoni mwezi wa Juni 1951, wake zao walichukua mahali pao, wakafungwa, wakatoka, wakarudi. Watu waliokuwa wamefukuzwa Hollywood kwa ajili ya siasa waliungana na chama cha wachimba madini hao wakatengeneza filamu, Salt of the Earth. Mwongozaji Herbert Biberman alikuwa ametoka jela. Studio kubwa hazikugusa jambo hilo. Fedha zilikusanywa kwa watu binafsi na kwa mikopo, jumla dola 250,000 hivi, na wengi wa wachezaji ni wachimbaji wenyewe na wake zao. Mwenye kiti wa tawi lao, Juan Chacón, ndiye aliyecheza mume katika hadithi. Maandishi yalisomwa mbele yao kwanza, na yale waliyoyaona kuwa ni ya kuwaaibisha yakaondolewa.

Fedha ikapatikana, basi, na filamu ikapigwa. Shida ikaja baadaye. Mama aliyekuwa mchezaji mkuu, Rosaura Revueltas wa Meksiko, alikamatwa na watu wa uhamiaji kazi haijaisha. Maabara zilikataa kusafisha filamu, ikabidi ifanywe kwa siri. Na ilipokuwa tayari mwaka 1954, waendesha mitambo ya kuonyeshea picha walikataa kuitia kwenye mashine. Nani aliwaambia wakatae? Viongozi wa chama chao cha wafanya kazi. Ndiyo, ndugu, mfanya kazi alizima picha ya mfanya kazi mwenzake. Katika nchi kubwa kama ile filamu ilionyeshwa katika majumba kumi na machache tu. Wenyewe walikwenda mahakamani mwaka 1956, wakashindwa mwaka 1964. Leo maktaba ya taifa ya Marekani inaihesabu katika filamu za kuhifadhiwa milele, lakini heshima hiyo ilikuja mwaka 1992, na waliokopesha fedha hawakuila.

Kwa hiyo mtu akija kwetu na hesabu ya kamera, taa, magari na chakula cha wachezaji, tumwulize: na kuonyeshwa je? Itaonyeshwa wapi, usiku gani, na nani atakata tikiti? Akisema, "Tukimaliza tutatafuta," basi arudi nyumbani akafikiri. Vijana wa River Road wanaotengeneza filamu za lugha za kwetu kwa fedha kidogo wanajua hivyo. Wao wamejifunza kwa njaa kwamba njia ya kuuza hutafutwa pamoja na hadithi.

Tuseme pia jinsi fedha inavyorudi, maana hapa ndipo watu wa kawaida huibiwa bila mwizi kuonekana. Tikiti ikiuzwa shilingi 200, mwenye ukumbi huchukua fungu lake kwanza, na mara nyingi ni nusu. Kisha msambazaji hutoa ujira wake, kisha gharama za matangazo. Kisha hulipwa mikopo. Ndipo anapofikiriwa mwenye hisa, naye hupaswa kurudishiwa alichotoa kabla faida haijagawanywa. Baada ya hapo desturi ya wengi ni nusu kwa watoa fedha na nusu kwa watengenezaji. Mtu akikuahidi "asilimia kumi ya filamu" mwulize ni asilimia kumi ya kitu gani, ya tikiti au ya makombo. Na filamu nyingi duniani hazirudishi gharama zake. Anayekuambia utatajirika ama hajui kazi hii ama anaijua sana.

Tena kuna sheria. Kampuni ya binafsi, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, haiwezi kuwa na wenye hisa zaidi ya 50, nao waajiriwa wake hawahesabiwi humo. Kuwauzia hisa watu wote ni jambo la kupitia kwa Halmashauri ya Masoko ya Mitaji, si jambo la kutangaza namba ya M-Pesa katika mkutano. Njia iliyo nyepesi kwetu ni mojawapo ya mbili: ama ushirika ulioandikishwa, ambao kila mtu ana kura moja, ama mchango mtupu usiodai kurudi, kama ule wa kadi ya harambee. Kila njia ina haki yake. Lakini mtu asiitiwe mchango leo na kesho aambiwe ni hisa, wala aitiwe hisa na kesho aambiwe, "Tulishukuru kwa mchango wako."

Maoni yetu basi ni haya. Chama kiwasaidie vijana hawa. Lakini fedha ya mazishi isiguswe, wala fedha ya mgomo, hata kwa mkopo wa juma moja. Mjane hawezi kuambiwa angoje mpaka filamu ionyeshwe Kisumu. Wala mshahara wa mtu usikatwe bila yeye mwenyewe kutia sahihi; wakulima wa Gujarat waliulizwa kwanza. Ifunguliwe hesabu ya pekee, yenye mweka hazina wake, na kila atakaye atoe kiasi kilicho sawa na cha mwenziwe. Tukiwa watu 20,000 na kila mmoja akatoa shilingi 200, hiyo ni shilingi 4,000,000. Kwa filamu ya mgomo mzima wa bandari, yenye meli na umati, haitoshi. Ni mwanzo tu, na mwenye kwenda kwa mtu wa Ulaya akiwa na 4,000,000 mkononi na watazamaji 20,000 nyuma yake huongea kwa sauti nyingine kabisa. Anaweza hata kusema hapana.

Wako wasemao kwamba sisi hatujui filamu, tuwaachie wenyewe. Ni kweli hatujui kushika kamera, na mwongozaji asisumbuliwe kila asubuhi na halmashauri ya tawi. Lakini wazee waliosikia habari za mgomo ule kutoka kwa baba zao bado wako Mombasa, na maandishi yasomwe mbele yao mara moja kabla ya kupigwa picha, kama walivyosomewa wale wachimba madini. Hilo liandikwe katika mapatano, pamoja na hili: filamu ikiisha, matawi yaweze kuionyesha katika kumbi zetu bila kuomba ruhusa kwa mtu aliyeinunua ng'ambo. Tusipoliandika, twaweza kujikuta tunalipa kutazama picha tuliyoilipia.

Ukumbi wa Kaloleni bado upo, ambamo Makhan Singh alisimama tarehe 23 Aprili 1950 akataka uhuru wa nchi hizi, na majuma machache baadaye akachukuliwa. Kumbi nyingine ziko katika miji mingi, nyingine zina mapaa mabovu. Kabla mtu ye yote hajatoa hata shilingi, makarani wa matawi watuandikie mwezi huu: ukumbi ulio karibu una viti vingapi, umeme upo au haupo, na kodi yake kwa jioni moja ni shilingi ngapi. Majibu yatachapwa katika toleo lijalo pamoja na hesabu ya gharama ambayo vijana wametakiwa walete, nao wanachama wataipigia kura katika mikutano ya matawi.