Kikosi cha Taifa Kisiteuliwe kwa Hofu

Mteuzi amwogopaye mtawala hawezi kumtendea haki mchezaji.

Agosti 1968, Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town aliyebaguliwa kwao kwa rangi yake, aliichezea Uingereza dhidi ya Australia akapata mikimbio 158 katika zamu moja. Siku chache baadaye kikosi cha kriketi cha kuzuru Afrika Kusini kilitangazwa. Jina lake halikuwamo. Wateuzi walidai wametazama mchezo pekee, hali baadhi ya wakuu wa klabu ya MCC walikuwa wamekwisha kuarifiwa kwamba Waziri Mkuu Vorster hatampokea.

Kasisi David Sheppard, nahodha wa zamani wa Uingereza, hakunyamaza. Aliwakabili wakuu hao mkutanoni. Mchezaji mmoja alipojitoa kwa jeraha, D'Oliveira aliitwa. Vorster akakataa, ziara ikavunjwa.

Je, kumridhisha dhalimu kuliwafaa nini? Heshima waliipoteza na ziara hawakuipata. Basi tunadai: kila kamati iteuayo kwa jina la taifa na itaje sababu zake hadharani. Nasi waumini tusinyamaze.