Utamaduni Upi, Mzee Wangu?

Kuna neno moja lililogeuzwa rungu la kutupigia sisi vijana tunaoandika. Neno lenyewe ni utamaduni. Andika hadithi ya konda wa daladala, utaambiwa haina utamaduni. Tunga shairi la bomba lililokauka Manzese, nalo halina utamaduni. Mtie mtoto wa Eastlands maneno ya Sheng mdomoni, ndiyo kabisa: umeua! Lakini mwenzako akichora bibi, kigoda, moto na mbalamwezi, hata kama bibi mwenyewe hasemi lolote la maana, anapigiwa makofi. Eti huo ndio utamaduni, bwana.

Mimi nasema hapana. Sisemi hivyo kwa kumchukia bibi wala mbalamwezi. Nasema hivyo kwa sababu hawa wanaotuhukumu kwa neno hili hawajatuambia wana maana gani. Neno utamaduni lina wenyewe wengi, na kila mwenyewe ana maana yake. Mwenye kutuhukumu anaazima maana kwa huyu, anaipandisha bei kwa jina la yule, halafu sisi ndio tunaolipa. Huo ni ulanguzi. Tuufunue.

Tuanze na neno lenyewe. Lina mzizi wa Kiarabu, na ndani yake kuna mji. Madina ni mji. Kutoka mzizi huohuo wamepata tamaddun, yaani kuishi kimji: kuingia katika maisha ya soko, sheria, ufundi na elimu. Kwa hiyo ukilivua neno hili kanzu, ndani unamkuta mtu wa mjini! Na leo ndilo wanalolitumia kutuambia kwamba mjini hakuna kitu hicho. Haya si maajabu?

Tena Waarabu wa leo, wakitaka kusema kile tunachokiita utamaduni, hutumia zaidi neno lingine, thaqafa, ambalo mzizi wake una habari ya kunyoosha mkuki uliopinda. Tamaddun wao wanaliweka karibu na kile ambacho sisi tunakiita ustaarabu. Neno lilipanda jahazi, likashuka pwani yetu, likabadili kazi. Na halikuja peke yake. Mila limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya dini au umma wa waumini. Jadi limetoka kwa babu, asili kwenye shina, nayo desturi ilianzia huko Uajemi. Mzee anayesimama mlangoni kuzuia mambo ya kuja amejihami kwa mila, jadi, asili na desturi, maneno manne yaliyokuja kwa bahari. Si kosa lake, wala si aibu yetu. Ndivyo Kiswahili kilivyokua: kinapokea, kinalisha, kinampa mgeni jembe.

Najua kuna mtu ameshanyanyua kidole. Atasema, "Kijana, maana ya neno haiko kwenye mzizi, iko kwenye matumizi." Kweli kabisa! Mshahara umetokana na neno la Kiarabu la mwezi, lakini kibarua akilipwa kila Jumamosi bado anasema amepata mshahara, na hakuna anayemkamata. Sisemi kwamba kwa kuwa mzizi ni mji basi utamaduni ni mali ya watu wa mjini. Nasema hivi tu: neno lililokwisha kuhama mara moja haliwezi kulindwa kana kwamba lilizaliwa hapa, likakaa hapa, halijawahi kutoka nje.

Sasa tuvuke upande wa pili. Shuleni tunafundishwa kwamba utamaduni ni tafsiri ya neno la Wazungu, kalcha kwa matamshi yetu. Wao nao walilitoa kwenye Kilatini, na huko maana yake ya kwanza ilikuwa kulima. Shamba! Kwa hiyo neno letu lilitoka mjini, la kwao lilitoka shamba, na sisi tukayafungisha ndoa kama vile yalikuwa mapacha.

Wafaransa mpaka leo neno hilo wanalitumia kwa mazao. Pamba ni kalcha, kahawa ni kalcha. Na hapo jirani zetu wa Kongo wana la kusema. Kuanzia mwaka 1917 utawala wa Wabelgiji uliweka sheria ya mazao ya lazima, na katika makaratasi ya serikali mazao hayo yaliitwa kwa neno hilohilo. Mkulima alipangiwa alime nini, pamba ikiwemo, akiuze kwa bei asiyoipanga yeye, na akikaidi aadhibiwe. Kwa mkulima huyo kalcha haikuwa ngoma wala hekaya. Ilikuwa jembe, jasho na kiboko.

Ukienda hospitali utalikuta tena. Daktari anapeleka mkojo wa mgonjwa maabara ukafanyiwe kalcha, maana yake vijidudu vioteshwe ndani ya kisahani mpaka vijulikane ni vya aina gani na dawa ipi inaviua. Mtu wa maabara hana ugomvi na mtu wa ngoma. Kila mmoja anajua maana yake na inaishia wapi. Laiti wakosoaji wetu wangekuwa waangalifu kama watu wa maabara.

Maana huko vyuoni nako si kimoja. Mwaka 1869 Mwingereza Matthew Arnold, aliyekuwa mshairi na mkaguzi wa shule, alitoa kitabu ambamo kalcha ilikuwa ni yale mazuri kuliko yote yaliyowahi kuwazwa na kusemwa duniani. Hiyo ni sifa: wengine wanayo, wengine hawana. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1871, Mwingereza mwenzake, Edward Tylor, akaja na maana nyingine kabisa. Kwake ni kila kitu mtu anachojifunza kwa kuwa mwanajamii: maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na mazoea. Hiyo si sifa tena, ni maelezo. Kwa Tylor hakuna jamii isiyo nayo, hata kama yeye mwenyewe alizipanga jamii kwa ngazi na akajiweka ngazi ya juu.

Mwanaakiolojia Gordon Childe, mwaka 1929, akaipa kazi ya tatu: vyungu, zana, mapambo, makaburi na nyumba za namna fulani zinazokutwa pamoja mara kwa mara. Ndiyo maana mawe yaliyochongwa na viumbe wa kale kabisa yamepewa jina kutokana na bonde la Olduvai, na vyungu vya kale vya eneo la Ziwa Victoria vinaitwa vya Urewe. Hapo hakuna anayeuliza kama mfinyanzi alijua methali. Mwaka 1952 Wamarekani wawili, Kroeber na Kluckhohn, wakakaa chini kukusanya fasili za neno hilo moja. Walipata 164. Mia moja sitini na nne, wenzangu! Halafu mtu mmoja na kalamu yake nyekundu anakuandikia pembeni ya hadithi yako, "haina utamaduni," na hakuambii ni fasili namba ngapi.

Na kama bado hujacheka, sikia hili. Sokwe wa milima ya Mahale, kule Kigoma, wanapochambuana manyoya wana mtindo wa kushikana mkono na kuunyanyua juu. Jirani zao wa Gombe, ziwa lilelile la Tanganyika, mtindo huo hawakuonekana nao. Watafiti walilinganisha mambo ya namna hiyo katika makundi ya sokwe wa Afrika, na mwaka 1999 wakatoa makala katika jarida la Nature wakisema sokwe nao wana tamaduni. Hawakukosea: kwao neno lilikuwa na maana ya tabia inayopokewa kwa kuigana, si kwa kuzaliwa nayo. Lakini jamani, sokwe wa Mahale wamekubaliwa, kijana wa Manzese bado anaambiwa hana!

Imekuwaje basi kwetu neno hili likabanwa mpaka likabaki ngoma, vigoda na mavazi ya ukaya? Hapa tuwe waadilifu. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alikuwa na sababu. Mkoloni alikuwa amewafundisha watu kuona haya kwa vitu vyao. Mwalimu alisema wengi tumejua kucheza rumba, chachacha na twist, lakini ni wangapi wanaijua gombe sugu au lele mama? Lilikuwa swali zuri kwa siku ile. Alitaka watu wanyanyue vichwa.

Lakini swali la mwaka 1962 lilikuja kugeuzwa sheria. Utamaduni ukawa ile ngoma inayompokea mgeni uwanja wa ndege. Ukajengewa Makumbusho ya Kijiji hapo Dar es Salaam, na Nairobi ikaanzisha Bomas of Kenya mwaka 1971. Angalia vizuri: hata kijiji chenyewe kimehamishiwa mjini ili kiitwe utamaduni! Na ile rumba iliyotajwa kama kitu cha kuazima? Mwaka 2021 UNESCO iliiandikisha rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu. Ilitoka Afrika na watumwa, ikapikwa Kuba, ikarudi kwa santuri, ikapikwa upya Léopoldville na Brazzaville, kwenye baa za mjini. Iliyokuwa ya kuja imekuwa urithi.

Si rumba peke yake. Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi, tarumbeta, vyeo na gwaride. Wakubwa wengi wa dini na serikali waliitazama kwa jicho baya. Leo ni mada ya vitabu vya historia. Siti binti Saad alitoka kijiji cha Fumba akahamia mjini Unguja, akaimba kwa Kiswahili mambo ya mtaani na ya mahakamani, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Nani leo atathubutu kusema Siti hana utamaduni? Lakini alichokiimba kilikuwa habari za mjini za wiki ile ile.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ujanja wa neno hili uko hapa: linaingia kama maelezo, linatoka kama hukumu. Mtu anaanza na maana ya Tylor, "kila jamii ina utamaduni wake," na wote tunaitikia kwa kichwa. Kabla hujameza mate ameshahamia kwa Arnold: "Na huu ndio ulio bora, na ninyi mmeukosa." Amebadilisha gari huku tunamtazama.

Ujanja huohuo unafanya mabaya makubwa kuliko kuzuia hadithi zetu. Anayetetea ukeketaji wa mabinti anasema, "Ni utamaduni wetu." Kama anaeleza tu kwamba watu fulani wamekuwa wakifanya hivyo, sawa, ameeleza. Lakini hajasema bado kwa nini kisu kiendelee. Kuwa utamaduni kwa maana ya Tylor si sifa. Rushwa nayo imefundishwa na kurithishwa. Kutupa taka mtaroni nako tumejifunza kwa wenzetu.

Na rungu hilo lina ncha mbili, wenzangu. Na sisi tusilinyanyue. Mshikaji akiandika upuuzi, ukimkosoa anakwambia, "Huu ni utamaduni wa vijana, wewe huelewi." Hapana! Maisha ya kijiweni ni utamaduni, nakubali, lakini hadithi mbovu ya kijiweni ni hadithi mbovu. Bibi na kigoda chake havikumwokoa yule, daladala na Sheng hazitakuokoa wewe. Kazi ipimwe kwa kazi: watu wake wanaishi? Maneno yake yanasema kweli? Ukiifunga, kuna kitu kimebaki?

Kwa hiyo sitaki neno hili litupwe. Ni letu, tumelilisha. Nataka kila anayelitumia kutuhukumu alipie nauli ya maana aliyopanda. Kama ana maana ya mila za kabila fulani, aseme mila, na aseme za nani. Kama ana maana ya ngoma, aseme ngoma. Kama ana maana ya maadili, aseme kwamba hadithi yetu imemuudhi, tujadili hayo maadili waziwazi. Na kama ana maana kwamba hatupendi jinsi tulivyo, basi aseme hivyo tu.

Akikuandikia tena pembeni kwamba kazi yako haina utamaduni, usilie, usimtukane, wala usikimbilie kumtia bibi kwenye ukurasa wa tatu. Mrudishie karatasi yake kwa heshima zote, shikamoo juu, na umuulize swali moja: upi, mzee wangu?

Asiyekubaliana nami, kalamu anayo. Tukutane kurasa hizihizi.