Mkwawa na Isike Hawakuwa Timu Moja

Muvi ya Captain America: The Winter Soldier ilitoka mwaka 2014, na ubishi wake haujaisha hapa Babati, kwenye vibanda umiza na vijiwe vya bodaboda. Manowari tatu zinapaa juu ya Washington, tayari kuua watu kwa mamilioni, na steringi anahangaika nazo akiwa na wenzake wachache. Iron Man na suti yake ya chuma inayoruka yuko wapi? Thor je? Si miaka miwili tu nyuma walipigana bega kwa bega kule New York?

Wengi husema mwandishi kachemka. Na kila ubishi huu ukipamba moto, atatokea mtu mzima wa kudakia: "Ndiyo hulka yetu. Abushiri, Mkwawa, Isike, Mangi Meli, kila mmoja kivyake. Wangesaidiana, Mjerumani asingeitawala nchi hii." Wote wanaitikia. Hakuna anayebisha, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa.

Mimi nabisha. Kauli hiyo inawaonea marehemu.

Tuanze na hao wa kwenye muvi. Captain America alibuniwa mwaka 1941, Thor 1962, Iron Man 1963. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake na maadui zake. Aliyewakutanisha ni mchapishaji, alipoanzisha jarida la Avengers mwaka 1963. Captain America aliingizwa mwaka uliofuata. Undugu wao umekuja baada ya hadithi zao, na hadithi ya mmoja haiwezi kusimama ikiwa wenzake wanamkimbilia kila akipigwa kofi.

Mashujaa wetu nao walikutanishwa baadaye, na vitabu vya historia. Mipaka ya nchi tunayowadai waiokoe kwa pamoja ilichorwa na Wazungu kwa mikataba ya 1886 na 1890. Jina la Tanganyika lilikuja 1920, chini ya Mwingereza. Mkwawa alikuwa mtawala wa Wahehe, Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe. Sisi ndio tuliowaweka ukurasa mmoja, kisha tukawalaumu kwamba hawakutazamana.

Na tarehe tunazikariri bila kuzisoma. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mkwawa aliteketeza kikosi cha Mjerumani Zelewski pale Lugalo Agosti 1891. Isike alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893, asitiwe mikononi. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka Oktoba 1894. Meli alinyongwa Moshi Machi 1900. Mjerumani ndiye aliyekuwa akichagua wa kumfuata na lini. Ofisa Tom von Prince alimaliza kazi Tabora kwa Isike, na mwaka uliofuata huyo huyo akawa Kalenga. Nyuma yake zilikuwapo meli za kumletea risasi na askari wa kukodiwa kutoka Sudan. Mzee wa Kigorowa wa mwaka 1893 angeziacha ng'ombe zake chini ya mlima Kwaraa, atembee kwa miguu hadi Tabora, amwokoe mtu ambaye hajawahi hata kumsikia? Hakuna anayemdai hilo. Kwa nini basi tumdai Mkwawa?

Walio jirani ndio wenye habari nzito zaidi. Mtazame Merere wa Usangu. Wahehe walikuwa wamewafukuza watu wake kutoka makao yao ya Utengule, wakaenda kuanza upya Usafwa. Mjerumani alipofika na bunduki za kumpiga Mhehe, Merere alimwona mtu wa kumrudisha nyumbani, na kweli Wasangu walirudi. Darasani tunamtaja kama msaliti, kama tunamtaja kabisa. Alimsaliti nani? Steringi wa Kalenga ndiye aliyekuwa adui wa Utengule. Kilimanjaro mambo yalikuwa hayo hayo: mwaka 1891 Mandara wa Moshi aliungana na Wajerumani kumpiga Sina wa Kibosho, jirani yake, na mwaka uliofuata Meli, mwanawe Mandara, akawachapa Wajerumani hao hao.

Kisha kuna Majimaji, ambayo wanaohubiri habari ya umoja huipita haraka. Pale watu waliungana. Walianza kwa kung'oa pamba Nandete, Umatumbi, Julai 1905, na moto ukaenea Mahenge, Ubena hadi Ungoni, ukiunganisha watu ambao hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Mjerumani la Mahenge kwa pamoja. Bombomu ziliwafyeka. Baada ya hapo Mjerumani alichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza waliobaki. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Umoja haukukosekana Mahenge. Kilichokosekana ni silaha, na baadaye chakula.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu lawama hiyo haikai kwenye vitabu tu. Mtoto wa kidato cha pili akishaambiwa kwamba babu zake walitawaliwa kwa sababu hawakupendana, anakua akiamini kasoro iko kwenye damu yake, na aliyekuja na bombomu anatoka bila hatia. Ndiyo maana ushirika ukifa, au duka la jirani likifungwa, tunasema "sisi Waafrika bwana" na hesabu za mtunza fedha hazikaguliwi.

Kwa hiyo naomba walimu wetu wa historia hapa Babati, mtihani ukiuliza sababu za kushindwa, wamkatie maksi mwanafunzi anayeanza na "ukosefu wa umoja". Aanze na bombomu, meli na maghala yaliyochomwa. Na Merere wasimfiche, wala wasimwite msaliti kabla hawajasema ni nani aliyemtoa Utengule.