Homa na kikohozi: tone la damu linaweza kutuambia nini?

Mzazi anayempeleka mtoto mwenye homa na kikohozi kwenye zahanati ya Mbagala au Tandale mara nyingi hutarajia chupa ya dawa. Akiambiwa arudi nyumbani bila antibayotiki huona hakuhudumiwa, na si ajabu akapitia duka la dawa njiani.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008 kwa watoto 1,005 wenye homa ulionyesha kuwa zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Kati ya hao, ni 5 tu katika kila 100 ambao eksirei ilithibitisha nimonia. Wengi walikuwa na virusi, na amoksilini haiui virusi.

Mhudumu atawatenganishaje? Mwongozo wa WHO unamtaka ahesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huhesabiwa kuwa dalili ya nimonia. Njia hii haina gharama, lakini homa peke yake inaweza kumfanya mtoto ahema haraka.

Ndipo inapoingia CRP, protini inayotengenezwa na ini na ambayo hupanda sana mwili unapopambana na bakteria. Kati ya 2014 na 2016, watafiti wa Tanzania na Uswisi waliijaribu katika kliniki za Dar es Salaam kwa watoto zaidi ya 3,000, pamoja na kipimo cha prokalsitonini na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Waliopewa antibayotiki walikuwa asilimia 11.5, dhidi ya 29.7 kwa wenzao waliotibiwa kwa mwongozo usio na vipimo hivyo. Katika huduma ya kawaida ilikuwa karibu asilimia 95! Ambao matibabu hayakuwafaa hadi siku ya saba walikuwa asilimia 2.3, dhidi ya 4.1. Yaani dawa zilipungua, na watoto hawakudhurika.

Lakini mzazi asikimbilie maabara binafsi kudai CRP. Malaria nayo huipandisha, hata baadhi ya virusi. Saa chache baada ya ugonjwa kuanza, kiwango kinaweza kuwa bado chini. Katika utafiti ule, jibu lilisomwa pamoja na dalili, kwa mpangilio maalumu. Kwa maoni yangu, zahanati yenye fedha kidogo ianze na kifaa cha oksijeni, kwa sababu oksijeni ikishuka mtoto anahitaji hospitali, CRP iwe juu au chini.

Ukirudishwa nyumbani bila antibayotiki, muulize mhudumu siku ya kurudi. Usiingoje siku hiyo iwapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea. Mpeleke hata usiku.